Kope Ulizoniachia

Mama Gidamis,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sikuulizi, na yangu nakwambia bila kuficha: mimi si mzima. Jicho la kulia limejifumba nusu na linatoka maji tangu asubuhi. Herufi naziandika kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, ili na mimi niweze kuzisoma nikirudia. Najua hukujua kusoma, usinicheke. Nimekaa nje kwenye ukuta unaopata jua, pale pale petu. Kigoda chako kiko mbele yangu na hakuna anayekikalia isipokuwa kuku, na huyo namfukuza.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Kiiraqw changu ulikuwa unakiigiza mpaka watoto wanagaragara kwa kucheka. Kidatoga chako mimi kilinishinda, na ulishaniambia niache, nawatisha ndama. Basi tukabaki na Kiswahili chetu cha Balangdalalu, cha kuokotaokota, na kilitutosha kwa kila kitu, hata kwa kugombana.

Habari za huku ni hizi. Mbaazi zimekomaa. Alizeti nusu imeliwa na ndege. Ule upepo wa kutoka ziwani umeanza tena na vumbi lake la chumvi, kwa hiyo unaweza kujua macho yangu yana hali gani. Daudi wangu ananipigia simu kutoka Babati kila Jumapili baada ya ibada, ananiuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Sikumwambia kwamba bado nasonga ugali wa watu wawili, halafu mwingine nawapa kuku. Mkono umezoea, nifanyeje?

Unakumbuka tulivyojuana? Tulikuwa kwenye foleni ya maji, mimi na ndoo zangu, wewe na punda wako, kila mmoja anajifuta macho kwa pembe ya nguo yake. Mzee mmoja akapita, akavua kofia, akatuambia poleni na msiba. Tukatazamana. Wewe ukamjibu, "Asante, baba," kwa sauti ya msiba kabisa, na alipoenda ukaniuliza, "Nani amekufa?" Nikasema sijui, labda wewe. Jamani! Tulicheka mpaka foleni ikatupita, tukarudi nyuma kabisa.

Siku hiyo hiyo ulinikalisha chini ya kivuli cha punda ukanitazama jicho. Hukuniomba ruhusa. Ulinishika kidevu, ukageuza uso wangu kwenye mwanga, ukasema, "Unazo. Kama zangu." Ugonjwa wa vikope tuliupata wote utotoni, kama watoto wengi wa huku, kwa inzi na vumbi na maji ya shida. Ukaja, ukaenda, tukausahau. Kumbe ulikuwa umeacha makovu ndani ya kifuniko cha jicho, na makovu yakaivuta ngozi pole pole mpaka kope zikageukia ndani. Kila ukipepesa, zinakwaruza. Ni mchanga ambao hautoki, na mtu ambaye hajaupata huwezi kumweleza.

Ukavua kile kibano chako cha chuma ulichokivaa shingoni pamoja na shanga. Ukachovya vidole kwenye majivu ili kope isiteleze. Kichwa changu ukakiweka mapajani mwako, kwenye ile sketi ya ngozi inayonuka samli na moshi, nami mwanamke wa Kilutheri, mke wa mzee wa kanisa, nikalala pale njiani kama mtoto. Ulikuwa ukivuta moja unasema, "Bado moja." Ukivuta nyingine, "Bado moja." Nilihesabu mpaka nikachoka. Mwongo wewe! Haikuwahi kuwa moja.

Tangu siku hiyo tukawa tunatoana kope. Wewe unaleta maziwa kwenye kibuyu, mimi natoa mahindi au maharage, halafu tunakaa hapa ukutani, kwanza wewe, kisha mimi. Marehemu mume wangu alikuwa akipita anasema, "Mmeshaanza kuchunana." Tulikuwa tunazungumza mengi wakati ule. Mtu akiwa amelala na macho yamefumbwa anasema mambo ambayo akikaa hasemi. Wewe uliniambia habari za mtoto wako aliyefia njiani mkihama na ng'ombe. Mimi nilikuambia habari za mimba zangu. Hakuna mwingine anayezijua.

Halafu wakaja watu wa utafiti wa macho pale zahanati. Walituangalia kwa tochi na miwani ya kukuzia, wakasema wanatafuta watu ambao kope zilizogeuka bado ni chache. Daktari wao akaeleza kwamba kwa watu wa namna yetu, hakuna anayejua kwa hakika kipi kinalinda jicho zaidi, upasuaji au kibano. Kwa hiyo kila mtu atapata bahasha, ya upasuaji au ya kibano, na wao watakuwa wanarudi kutupima kwa muda mrefu walinganishe. Ukanisogelea ukaninong'oneza kwa ile sauti yako ambayo hata waliokuwa nje waliisikia, "Hawa wamesoma miaka yote hiyo na hawajui?" Yule daktari akacheka, akasema ndiyo maana wamekuja kwetu. Jibu hilo lilikupendeza. Ukapiga dole gumba kwenye karatasi yao kama mtu anayeuza fahali.

Bahasha yako ikawa ya upasuaji, yangu ya kibano. Ulinuna. Ulitaka tubadilishane, na yule dada wa utafiti akakueleza mara tatu kwamba haibadilishwi, vinginevyo kazi yote inaharibika. Najua hofu yako ilikuwa wapi. Hukuogopa kisu. Uliogopa watakata zile duara za chale zinazozunguka macho yako, ambazo mama yako alikuchanjia ukiwa msichana. Dada akakuonyesha kwa kidole kwamba wanakata kwa ndani, nje hawagusi. Ukamwambia, "Ukigusa, nitakulaani." Akasema sawa, mama, shikamoo.

Ulitoka na bandeji. Nilikushika mkono njia nzima mpaka bomani kwako, na wewe njia nzima ulikuwa unanielekeza kama vile mimi ndiye sioni. Duara zako zilikuwa salama. Uvimbe ulipoisha, kope zako zilikuwa zimesimama kama za msichana, na macho makavu. Wakati huo mimi nilitakiwa nilete mtu mwenye macho mazuri afundishwe kunitoa kope. Nikawaambia yupo, mmemtengeneza wenyewe. Wakakufundisha kutumia kibano chao kipya chenye ncha bapa, kwa sababu kile chako cha chuma wakati mwingine kilikuwa kinakata kope, na iliyokatika inachoma kuliko nzima. Ulilalamika, lakini ulijifunza. Majivu walikukataza, ukawa unasubiri waondoke.

Sasa nikwambie jambo ambalo hatukuwahi kulisema. Siku ya kwanza ulipokuja baada ya kupona, ukanitoa zangu, ukamaliza, halafu ukabaki umekaa. Mikono yako ilikuwa haina kazi. Ukasema, "Mimi je?" Nikakuambia wewe umepona, zako zimenyooka. Ukasema kuna moja inakuchoma, huku, jicho la kushoto. Ukalaza kichwa chako mapajani mwangu. Nikatazama vizuri, nikageuza uso wako kwenye jua. Hapakuwa na kitu. Nikachukua kibano nikagusa gusa pale pembeni, nikakwambia, "Nimeitoa." Ukasema, "Bado moja."

Tukaendelea hivyo mpaka mwisho. Kila ulipokuja, unanitoa zangu za kweli na mimi nakutoa zako za uongo. Watu wa utafiti walipokupima walisema macho yako ni mazuri sana, hakuna hata kope moja iliyorudi, na wewe ukanitazama kwa pembeni ili nisicheke.

Kifua kilikuchukua haraka. Nilisikia umepelekwa hospitali, nikawa natafuta mtu wa pikipiki, na kabla sijampata wakasema umesharudishwa bomani, wakaniambia, "Usiharakishe tena, mama." Nilikaa na wanawake wenzako bomani. Nililia, ndiyo, lakini mimi nalia kila siku kwa hizi kope, kwa hiyo hata mimi sikujua machozi yapi ni yako na yapi ni ya jicho. Mama mmoja aliniambia nisilie sana nitaumia macho. Nilitamani nikuambie hilo tucheke wote.

Baada ya hapo nilijaribu mwenyewe. Nina kipande cha kioo cha pikipiki, nakiegemeza ukutani. Lakini jicho unalolitoa kope ndilo jicho unalotazamia, na likijaa maji huoni kitu, unavuta hewa. Jirani alijitolea. Mkono wake ni mzito na anasimulia habari za kwaya huku amekushikia chuma jichoni. Nikamwambia asante, nimepona. Upweke huu, rafiki yangu, sikuujua. Mume wangu alipokufa wewe ulikuwepo. Wewe ulipokufa, nani alikuwepo? Zinapita siku mtu hajanigusa hata bega. Nasalimiwa shikamoo kwa mbali, naitikia marahaba, yameisha.

Yule dada wa utafiti alirudi kunipima. Alinimulika jicho kwa tochi. Akaniuliza ni nani ananitoa siku hizi. Nikamwambia amefariki. Akanipa pole ya kweli, akakaa nami kidogo kabla ya kuendelea. Kisha akaniambia kuna weupe umeanza pembeni ya kioo cha jicho la kulia, na kwamba ukifika katikati hakuna wa kuutoa huku kwetu. Utaratibu wao ni kwamba jicho likizidi kuharibika, bahasha haihesabiwi tena, unafanyiwa upasuaji. Wanakuja Alhamisi hii. Nikakataa. Akarudi siku nyingine, nikakataa tena. Daudi akapiga simu kwa ukali, mpaka akasahau shikamoo yangu, nikamkatia.

Wao walidhani naogopa kisu. Wewe nakwambia ukweli: niliogopa kupona. Kope hizi ndizo ulizokuwa unakuja kwa ajili yake. Zikinyooka, ni nani tena atakuwa na sababu ya kunishika uso? Nilijiambia jicho moja linanitosha, mzee kama mimi natazama nini. Ni ujinga, najua. Ukiwa peke yako ujinga unaonekana kama akili, hakuna wa kukuambia nyamaza.

Halafu wiki iliyopita akaja mke mwenzio. Yule uliyekuwa ukimwita "wa nyumba ya pili", miaka yote sikusikia ukimtaja jina. Kwa jinsi ulivyomsema, nilitegemea nione chui. Nikaona mwanamke mwembamba, amebeba kibuyu cha maziwa, anajifuta macho kwa pembe ya shuka. Na shingoni amevaa kibano chako cha chuma.

Loo, nilikasirika! Kibano kile nilijua ni changu. Sikuwahi kukuomba, lakini nilijua. Sikumkaribisha. Yeye akaweka kibuyu chini, akasalimia, akasema amekuja nimtoe kope. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Aliyekuwa ananitoa amekufa. Nimesikia na wako pia."

Wewe! Kila asubuhi, anasema, baada ya kukamua. Umemnunia mchana kutwa, umekuja kwangu umemsema mpaka jua limezama, na asubuhi umemlaza kichwa mapajani unamtoa kope. Na hukuniambia! Nilikuonea wivu, na wewe uko chini ya udongo. Nilimwacha yule mwanamke amesimama nikaingia ndani kujifanya natafuta kikombe, nikasimama gizani nikakugombeza kwa sauti. Nadhani alinisikia.

Nikatoka. Nikamwambia alale. Hakutaka kukaa kwenye kigoda chako, alikaa chini, na hilo nililiona. Nikachukua kibano cha utafiti, nikageuza uso wake kwenye jua, nikatazama. Mama Gidamis, sikuona kitu. Niliona ukungu na rangi ya ngozi. Nikabahatisha. Nilivuta kope nzima isiyo na kosa lolote, na ya pili nikabana ngozi yenyewe. Alishtuka, lakini hakulia. Alisema tu, taratibu, "Yeye hakuwa anafanya hivi."

Akaniambia nilale mimi, ajaribu. Akakunja macho yake, akanisogelea mpaka pua zetu zinakaribia kugusana, akanibana pua. Pua kabisa! Nikaguna. Akarudia, akanipata nyusi. Nikaanza kucheka, yeye akaanza kucheka, tukawa tunacheka vipofu wawili na vibano viwili, maji yanatutoka machoni kila upande. Angepita yule mzee wa kofia angetupa pole ya msiba, na safari hii asingekosea.

Tulipotulia nikamuuliza kwa nini hakwenda zahanati wakati ule. Alisema alikuwa mbali na ng'ombe, upande wa Hirbadaw. Na sasa? Sasa anaogopa. Aliporudi aliona bandeji zako, akasikia ulivyokuwa unatukana watu wa utafiti. Alisema kama mimi nikienda, akaniona nimerudi naona, na yeye ataenda. Nisipoenda, haendi. Alisema hivyo bila kubembeleza, akaanza kufunga shuka yake aondoke, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. Ana watoto wadogo kuliko wako. Bado ana miaka mingi ya kutazama.

Nilimwambia nitamjibu. Nimekaa na jambo hilo siku zote hizi, nikitazama kigoda. Nilitaka nikasirike nawe zaidi, lakini imeshindikana. Uliona wewe una mikono miwili mizuri na asubuhi ndefu, ukaitumia. Mimi ninayo mikono, macho ndiyo hayafanyi kazi.

Kwa hiyo nakwenda, Mama Gidamis. Kesho ndiyo Alhamisi. Nimeshampigia Daudi, amelia kwenye simu, mwanaume mzima, hata akanipa shikamoo mbili. Mke mwenzio atanisindikiza na kunirudisha, maana nitakuwa na bandeji. Anaitwa Mama Neema. Nimemuuliza jina lake kwa sababu siwezi kushikwa mkono njia nzima na "wa nyumba ya pili". Amenipa kibano chako nikishike wakati wa ganzi. Nitamrudishia. Kimemkaa vizuri.

Wanasema kope wakati mwingine hurudi hata baada ya upasuaji. Sijui kama niombe zisirudi. Usiku naomba zisirudi, asubuhi namwambia Mungu afanye anavyoona.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Usinisubiri mapema, nina kazi. Nakuahidi nitamtoa Mama Neema kope zake kwa macho mazuri, kwa mkono mwepesi, bila habari za kwaya, mpaka siku na yeye atakapokubali kwenda na nimshike mkono kumrudisha. Na akishapona, macho yetu yote manne yakiwa makavu, hatutakuwa na sababu tena ya kukaa hapa ukutani. Nimeshaliwaza hilo. Nitamkalisha kwenye kigoda chako. Nitalaza kichwa changu mapajani mwake, nifumbe macho, nimwambie kuna kitu kinanichoma. Atatazama, ataniambia mbona hamna.

Nitamwambia atazame vizuri. Bado moja.

Wako,
Mama Daudi